Mikwaruzo ya Boti Nyeupe

Kwaru, kwaru, kisha maji kumwagika, kisha kwaru tena. Niliusikia msasa wa baba kabla sijafumbua macho, kabla hata sijajua kwamba amerudi. Hadi leo seremala yeyote akipiga msasa, moyo wangu unakimbilia nje bila viatu.

Ilikuwa miaka ya sabini, Iringa, msimu wa baridi. Uani kwetu palikuwa na boti nyeupe ya faiba, imeinuliwa juu ya magogo. Baba alikuwa nahodha na fundi kule Kyela, ziwani. Boti hiyo mpya ilikuwa ikipelekwa huko kwa lori kutoka Dar es Salaam, ikakwaruzwa na mwamba kwenye kona za Kitonga, basi wakaishusha kwetu airekebishe. Ikishapona, lori lingerudi kuwachukua, yeye na boti.

Wanawake waliopita na kuni walifurahi sana, wakamsalimu baba kwa Kihehe.

"Kamwene, Nuhu! Wanyama tuwalete lini?"

"Anzeni na mbuzi," baba alijibu, "tuonje kama anafaa kusafiri."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Mama hakucheka.

Baba aliosha kila mkwaruzo kwa sabuni, akauchimba kidogo kwa ncha ya bisibisi, akausugua, akaujaza uji mzito mweupe uliochanganywa na dawa ya kugandisha. Harufu yake kali ilihamia kwenye ugali na kwenye mashuka. Juu alibandika nailoni. Lakini kwa baridi ya kwetu uji ule ulikataa kuganda. Ndipo mama alipoleta chupa ya maji moto, akaiegemeza pale, akaifunika kwa blanketi la kitandani kwao. Boti ikalala kama mtoto mwenye homa, na mama akakaa kando yake.

Asubuhi mama aliupapasa ubavu wa boti. "Baba Neema, hapa bado pana mkwaruzo."

Baba akasugua. Kesho yake mama akaona mwingine. Kisha mwingine. Nilijivuna: mama yangu ana macho kumshinda fundi! Siku moja nikapapasa pale alipoonyesha. Palikuwa laini kama yai. Nilipogeuka, baba alikuwa ameshalowesha msasa, akaanza kusugua pasipo na kitu, taratibu, huku mama akimtazama. Nilidhani vidole vya watu wazima vinahisi mambo ambayo vyangu bado.

Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba Kyela palikuwa na nyumba nyingine, na watoto wengine waliomwita baba. Mama alikuwa akijua. Hakumgombeza, hakumsihi. Alimwonyesha mikwaruzo tu. Na baba, ambaye naye alijua anaombwa nini, alisugua.

Jioni moja lori lilipiga honi barabarani. Mama akaweka kiganja kwenye boti.

"Baba Neema, hapa..."

Baba akapapasa palepale, muda mrefu, vidole vyao vikigusana.

"Mama Neema," akasema, "hapa hapana kitu."

Mama alilikunja blanketi, bado linanuka ile dawa, akanishika mkono tukaingia ndani. Nje vijana wa lori walikuwa wakihesabu pamoja na kunyanyua. Baba alikuja kuchukua koti lake. Alipotoka aliuvuta mlango polepole, kwa uangalifu uleule wa kubandika nailoni, akaufunga nyuma yake, baridi isituingie.