Baba Hakuwa wa Jumuiya

Baba alipofariki, padri wa parokia yetu kule Moshi alikataa kumzika. Sababu ilikuwa moja: baba hakuhudhuria jumuiya, ile sala ya majirani ya kila Jumamosi nyumbani kwa mtu. Aligombana na mwenyekiti miaka mingi nyuma, akasusa, akawa anasali peke yake chumbani kila alfajiri hadi magoti yakaota sugu. Hayo magoti padri hakuyaona.

Kaka alinipigia nikiwa kwenye basi, narudi Scarborough, huku Toronto, kutoka kazini. "Dada, hata katekista kakatazwa. Tutamzika hivihivi."

Nikamwambia sawa, kama mtu aliyeulizwa kama atakunywa chai.

Mimi mwenyewe kanisa la Waswahili wa Toronto nilishalihama kimyakimya. Nilikuwa nasali humohumo kwenye basi, kidogo, kama baba. Lakini msiba hauwapiti wale watu. Jumamosi asubuhi walijaa sebuleni kwangu na chupa za chai na maandazi, viatu vimerundikana mlangoni vikichuruzika theluji. Nilipowaeleza, mama mmoja anayeongoza jumuiya yao alivua miwani.

"Hivihivi haiwezekani. Wanazika saa ngapi?"

"Sasa hivi. Kwao ni saa kumi jioni."

Akakwangua kadi mpya ya simu, tukampigia kaka, simu ikawekwa spika katikati ya vikombe. Kaka akainyoosha yake juu ya kaburi. Yule mama akasali sala zote za mazishi kwa kichwa. Sisi tukaitikia huku, wao wakaitikia kule, wakichelewa kidogo. Kisha nikasikia udongo ukianguka juu ya jeneza. Nilisubiri nilie. Sikuhisi kitu, nikabaki natazama maandazi.

Wakati wa kuondoka yule mama alinishika mkono. "Mwanangu, kesho nakupitia twende kanisani. Ukisusa kama baba yako, huku ugenini nani atakuzika?"

Akanipitia kweli. Tangu hapo nakwenda kila Jumapili, na jumuiya sikosi. Nasimama wakisimama, naimba wakiimba, zamu yangu ikifika napika pilau. Kwenye basi sasa nachungulia dirishani tu. Baba alisali bila kwenda. Mimi nakwenda, na sijasali tangu siku ile. Padri wa huku ananifahamu kwa jina. Mimi nitazikwa vizuri.