Mwanangu anamwita jirani mama, na Jumamosi jirani anahama

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi nina miaka ishirini na tatu, Msamia, niliishia darasa la saba. Nina mtoto mmoja wa kike, miaka miwili na nusu. Hapa nitamwita Nekesa, si jina lake. Baba yake ni askari wa kulinda godauni huko ndani Kenya, anakuja mwisho wa mwezi akipewa ruhusa.

Tunapanga chumba upande wa Uganda, kando ya barabara ya Tororo kwenda Busia. Si kijijini, maana hakuna shamba, na mji uko mbali. Ni laini za vyumba tu, mabati mapya, na kila mtu hapo anafanya kazi mahali pengine. Wengine wanaenda Tororo, sisi wengine tunaenda mpakani. Tunatoka kukiwa giza na tunarudi kukiwa giza. Nimeishi hapo karibu miaka miwili na sura za majirani nazijua za Jumapili tu. Mchana wanaobaki ni kuku, watoto, na mama mmoja Mteso wa chumba cha kona, ambaye bwana yake alikuwa fundi kwenye kiwanda.

Mimi napika hoteli upande wa Kenya. Chapati lazima ziwe tayari madereva wa malori wakiamka, ukichelewa unakuta mwingine ameshika sufuria yako. Nekesa alipofikisha miezi minane nikamwomba yule mama anikalie naye. Alikubali kwa moyo mweupe. Watoto wake wote ni wakubwa.

Siku za kwanza Nekesa alilia mpaka sauti ikakauka. Kwetu wanasema mtoto akisikia harufu ya mama yake anatulia. Basi nikaacha leso ninayolala nayo, nikamwambia yule mama ajifunge akimbeba. Mimi mwenyewe nilimfunga, nikamwonyesha fundo langu linakaa wapi. Kweli mtoto alinyamaza. Nilifurahi, nikaenda kazini nikiimba. Jamani, sikujua ninafanya nini.

Jumapili moja mwaka huu nilikuwa nafua, nguo yangu ikalowa, nikajifunga ile leso. Nekesa akaja mbio. Nikapanua mikono nikidhani ananikumbatia. Akashika leso, akaivuta kwa nguvu zake zote, akasema, "Ya toto. Lete ya toto." Toto kwa Kiteso ni mama. Akaiburuta kwenye vumbi mpaka chumba cha kona. Wanawake waliokuwa wanafua wakacheka, mmoja akaniambia, "Mama Nekesa, wewe ni mgeni hapa, lipa kiingilio." Na mimi nikacheka pamoja nao. Nilicheka hadi nikaingia ndani.

Tangu siku hiyo naona yote. Akianguka anakimbilia kule. Chakula changu anaonja, cha kule anamaliza. Anaongea Kiteso kizuri mpaka wazee wanamsifu, mimi sikijui, Kisamia changu ananiangalia tu kama naongea na mtu nyuma yake. Si mtoto mbaya. Ananisalimia vizuri, kwa magoti, vile amefundishwa kusalimia wageni.

Sasa bwana wa yule mama kazi yake imeisha. Wanarudi kwao, wilaya ya Kumi, kulima. Wiki iliyopita alinipigia hodi na uji mkononi, akakaa, akazunguka na maneno ya mvua na mihogo, halafu akaniomba aende na Nekesa mpaka afikishe umri wa shule. Nilimwambia vibaya, dada zangu. Nilimwambia amenichukulia mtoto. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, mimi sikumwiba," akasema. "Wewe ulinipa kila asubuhi."

Na ni kweli.

Nikampigia baba Nekesa nikitaka anisaidie kukataa. Akasema huyo mama atamlea bure, kule kuna maziwa na nafasi ya kucheza, mimi nitabaki nikifanya kazi bila wasiwasi. Akaniuliza, "Kwani wewe unamuona saa ngapi?" Hakusema kwa ubaya. Nikiacha kazi, hicho chumba hatukiwezi. Nikimzuia, nitamwachia nani asubuhi? Laini nzima hakuna mtu. Mama yangu mzazi alishafariki.

Mimi bado naomba Mungu. Najiambia akikua atajua nani alimzaa, damu haipotei. Lakini nikisema hivyo naona kama nabembeleza moyo wangu mwenyewe.

Jana, Jumapili, nilimpakata nje, yule mama amekaa karibu anachambua mboga. Nikamuuliza Nekesa kwa Kiswahili, polepole, kama atakaa na mimi. Akasema maneno mengi kwa Kiteso, akiniangalia machoni kabisa. Nikamuuliza yule mama anasema nini. Akaangalia mboga zake.

"Anataka maji," akasema.

Nikaenda nikaleta maji. Nekesa hakuyanywa.

Nyinyi mliozaa na mkalazimika kutafuta mbali, niambieni ukweli hata kama unauma. Nimwache aende na yule anayemjua, ama nimkatalie nibaki na mtoto anayenililia mtu mwingine? Wanaondoka Jumamosi asubuhi, na saa hiyo mimi nitakuwa kazini.