Salamu kwa Mtakatifu Anna

Mzee anayetembeza wageni katika kanisa kuu la Kikatoliki haonyeshi kitu kwa kidole. Hufungua kiganja chote, kama anayekukaribisha chakula, na funguo huzibana kwa mkono wa pili zisipige kelele. Rahabu, Mlutheri, alimwambia mlangoni kwamba ameshuka kutoka kijijini kwao Myamba kuja kushangaa tu. Na vya kushangaa vilikuwepo: vioo vya rangi, malaika wenye mabawa ya dhahabu, dari iliyochorwa nyota. Lakini jicho lake lilimwandama mzee. Kila benchi alilopita alilifuta kwa mkono wa shati, hata lililong'aa. Mbele ya kila mtakatifu alishusha sauti, akalitaja jina, akapita. Ila alipofika kwa Mtakatifu Anna, aliyechorwa akiwa na kovu dogo juu ya nyusi, aliinama akanong'ona, "Shikamoo." Akatega sikio, ndipo akaendelea na habari za madhabahu.

"Babu, mbona wengine hukuwaamkia?" Rahabu akauliza, udadisi ukiwa umemshinda.

"Wengine siwajui. Huyu, mchoraji alimpa sura ya mama yangu. Nitampitaje mama bila salamu?"

Rahabu alilitazama lile kovu. Kwao hawaongei na picha. Mchungaji akisikia je? Lakini yale yalikuwa macho ya mtu mzima, nayo yalimtazama yeye. Magoti yakakunjika yenyewe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mzee akaitikia kwa niaba ya mama yake, kisha akamgeukia mgeni. "Anauliza, Myamba hawajambo?"