Mkaa wa Mwanaidi

Juzi, kwenye maonyesho ya michoro ya watu wenye usonji pale Handeni, nilisimama mbele ya picha ya mdogo wangu Mwanaidi, nikakumbuka alasiri moja kule Mazinde.

Mama alikuwa amemaliza kukandika ukuta wa jiko. Udongo ulikuwa bado unanukia, na upepo ulileta harufu kali ya mabaki ya mkonge. Mwanaidi, ambaye hakuwa akizungumza, aliokota mkaa akachora mashamba ya mkonge kwenye ukuta ule, mstari kwa mstari, hadi milimani. Nilisubiri achapwe. Mama akatoka mbio hadi barabarani.

“Jamani, njooni muone kazi ya mwanangu!”

Nami nikachukua mkaa, nikachora ua pembeni.

“Wewe Zaina, futa hilo! Unamharibia mwenzio,” mama akasema.

Nililia, nikidhani anampenda yeye tu. Sikujua kwamba majirani walikuwa wakisema mtoto yule ana mashetani, na kwamba siku ile ndipo walipomtazama kwa mshangao badala ya kumsikitikia.

Sasa najua. Hata hivyo, watu walipojipanga kupiga picha na mchoro wake, nilitamani japo mmoja aniulize mimi naitwa nani.