Akina Macintyre wa Woolwich

Katika kanisa la Wakenya la Woolwich hakuna aliyehitaji kuuliza Bi. Zipporah Macintyre ameolewa ukoo gani. Alikwisha kuwaambia. Mgeni akishangaa Mkikuyu kuitwa kwa jina la Kiskoti, yeye aliweka kikombe chini na kumweleza, kwa sauti ile iliyokuwa ikinyamazisha wodi nzima enzi za uuguzi wake. Babu ya mumewe alikuwa seremala. Alijenga kanisa bega kwa bega na mmisionari kutoka Skotland, na mmisionari akampenda hata akambatiza kwa jina lake mwenyewe. Na jina lenyewe, aliongeza, kwa Kigaeli maana yake ni mwana wa seremala.

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Alilisoma maktabani mwaka wa kwanza wa ndoa, pamoja na habari za ukoo huo: kwamba kwao kulikuwa bonde liitwalo Glen Noe, na inasimuliwa kwamba kila kiangazi walimlipa bwana wa ardhi donge moja la theluji na ndama mmoja mweupe, basi. Hadithi ya theluji aliipenda. Iliwachekesha watu, na mtu anayecheka hachimbui.

Marehemu mumewe, Zephaniah, aliyeendesha basi miaka thelathini na mmoja, hakuwahi kusimulia habari za seremala. Akiulizwa alisema, “Muulizeni mwalimu,” huku akimwonyesha mkewe kwa kidevu. Alipofariki, Zipporah mwenyewe ndiye aliyeandika wasifu wa marehemu na kuusoma mbele ya jeneza bila kutetereka. Seremala alikuwamo. Mmisionari pia.

Sasa ilikuwa Jumamosi ya mwezi Mei. Mwanawe Eddie na mkewe Shiku walikuja na mtoto wao wa kwanza, mwenye umri wa wiki tano.

“Karibu, mzee wangu,” Zipporah alimwambia mtoto akimpokea. “Umerudi huna jino wala nauli.”

Shiku alicheka. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba ya baba yake, kwa hiyo huyu alikuwa Zephaniah amerudi, na bibi ana ruhusa ya kumtania kama mume.

“Jumatatu tunakwenda kumwandikisha,” Eddie alisema, kwa Kiingereza kama kawaida yake. “Zephaniah Gatimu.”

“Zephaniah Gatimu Macintyre,” mama yake akamalizia.

“Hapana, Mum. Inaishia hapo.”

Akaweka simu mezani. Binamu yake Bonface alikuwa amempigia picha kitu alichokikuta Nyeri, katika sanduku la shangazi yao: kipande, ile hati ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kuivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Jina, Gatimu. Kazi, mpishi. Na katika safu ya mwajiri: D. Macintyre, mkulima.

“Hakuna seremala,” Eddie alisema. “Hakuna mmisionari. Kuna mzungu mwenye shamba na mtu aliyemkaangia mayai.”

“Najua.”

“Unajua?”

“Mama mkwe aliniambia kabla ya harusi, ili nisije nikayasikia kwa majirani.” Zipporah alimpa Shiku mtoto, akakaa wima. “Gatimu alimpeleka mwanawe shule. Karani akadai karatasi. Karatasi pekee aliyokuwa nayo ni hiyo ya shingoni. Karani akanakili jina la mwajiri penye jina la baba. Gatimu hakujua kusoma. Alipokuja kuambiwa, mtoto alikuwa na vyeti vitatu. Kurekebisha kulitaka barua ya mwajiri. Nani angekwenda kumwambia mzungu kwamba mtoto wa mpishi wake anaitwa kwa jina lake? Wakanyamaza.”

“Wao walinyamaza. Wewe ulitunga.”

“Mum, chai inapoa,” Shiku alisema taratibu.

“Iache ipoe.”

“Hata Dad alikuwa Gatimu,” Eddie aliendelea. “Zephaniah Gatimu Macintyre. Ni nani aliyemwambia aliache la katikati?”

Zipporah alikunja mikono mapajani.

“Ni mimi. Nilipofika nchi hii niliandika barua kumi na nne za kuomba kazi, kwa jina la baba yangu. Hakuna aliyejibu. Baada ya harusi niliandika mbili, nikaitwa kote kuwili. Nilipoingia, yule mama wa usaili alichungulia nyuma yangu, akimtafuta Bi. Macintyre. Jina lilifungua mlango, Eddie. Uso niliubeba mwenyewe. Na wewe huko benki unakofanya kazi, waliona nini kwanza?”

Eddie aliirudisha simu mfukoni. “Unajua wenye jina waliishia wapi? Ile kodi ya theluji ilibadilishwa kuwa fedha, ikapandishwa mpaka wakashindwa, wakahama bonde lao. Na mwingine wa jina hilo hilo akaja kwetu, akamkuta Gatimu kwenye ardhi ya baba yake, akamfanya skwota asiye na haki ya ardhi hiyo, na mpishi. Hiyo kwenye hadithi zako haimo.”

“Ukurasa huo niliusoma kabla hujazaliwa,” alisema mama yake. “Niliuruka.”

Mtoto akapiga chafya.

“Kaburi la baba yako limeandikwa Macintyre,” Zipporah alisema hatimaye. “Chini ya jina lake wameacha nafasi yangu. Nikiingia pale, niwe wa mwisho?”

“Pole, Mum,” Eddie alijibu, mara hii kwa Kiswahili. Hilo ndilo lililomwonyesha Zipporah kwamba neno limekwisha.

Jumapili ya wiki iliyofuata kina mama wa kanisa walimwandalia mtoto keki. Lorraine, katibu wao, alisimama na bomba la sukari ya rangi mkononi.

“Hongera, Mama Eddie! Tumwandikeje? Zephaniah Macintyre wa Pili?”

Eddie alikuwa hatua tatu kutoka pale, mtoto begani, akimtazama. Zipporah angeweza kusema “Zephaniah” tu, akaishia hapo. Kwa keki hilo lingetosha. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kuandikwa serikalini, na kuficha jina lake kungekuwa kumwonea haya.

“Zephaniah Gatimu.”

“Gatimu nani?”

“Gatimu, basi. Ni jina la babu ya mume wangu. Alikuwa mpishi wa mzungu.”

“Si alikuwa seremala?” Lorraine aliuliza, bila ubaya. “Ulisoma mwenyewe kwenye mazishi.”

“Nilisoma.”

Nyuma ya birika mtu alicheka, kicheko kidogo cha puani. Zipporah alikifahamu kicheko hicho ni cha nani, na alijua kwamba kabla ya jioni habari itakuwa imefika Hayes, ng'ambo ya jiji. Hakugeuka.

“Andika, Lorraine,” alisema. “Na uandike vizuri.”

Akasimama pale pale, kofia yake ya Jumapili imenyooka, mpaka herufi ya mwisho ikakauka.