Mama Dakika na balungi la siku ya tisa

Saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, muuguzi mwenye miwani iliyofungwa uzi anavuta damu mkononi mwa fundi rangi. Anaisoma saa ya ukutani kwa sauti, kisha anaiandika kwenye kichupa. Hapa wodini wanamwita Mama Dakika.

Fundi rangi na wenzake kumi na watano ni wazima wa afya. Wamejitolea kumeza kidonge kipya cha MS, maradhi ambamo kinga ya mwili huishambulia mishipa yake yenyewe ya fahamu. Wanakimeza pamoja na dawa ya kifafa, ijulikane kama viwili hivyo vinapatana.

Mama Dakika anaomba vipatane. Dada yake mkubwa ana MS, na dawa ya kifafa anaitumia kila siku. Bila jibu hili, hawezi kuandikishwa kwenye majaribio ya wagonjwa.

"Dada alikuwa fundi cherehani, tena si mchezo!" anasema. "Sare zangu zote za shule alishona yeye. Nilikuwa nabembelezwa na mlio wa ile pedali mpaka usingizi unanichukua. Jamani, nimeukumbuka!"

Mwezi uliopita, siku ya tisa ya jaribio, seremala aliyekuwa kitanda hiki hiki kabla ya fundi rangi alimnong'oneza: "Sista, usinikasirikie. Juzi, mliponiruhusu kwenda nyumbani, nilikula balungi. Nusu tu."

Balungi ndilo la kwanza kwenye orodha ya marufuku, kwa kuwa huweza kuifanya dawa irundikane kwenye damu.

"Nilitamani niwe kiziwi," anakiri. Akiliandika, seremala anatolewa, anatafutwa mwingine, na jibu linachelewa miezi mitatu. Miguu ya dada haina miezi ya kupoteza. Akinyamaza, nani angejua?

Aliandika. Jioni akaenda kwa dada yake, roho mkononi, kumweleza.

Dada alicheka mpaka akapaliwa. "Wewe nawe, mdogo wangu! Hicho kidonge kesho atakimeza nani, seremala au mimi?"

Sasa Mama Dakika ameshaomba ruhusa ya siku moja, ingawa tarehe yenyewe haijulikani. Jibu likiwa jema, atamsukuma dada yake kwenye kiti cha magurudumu mpaka dirisha la uandikishaji.

"Siku naanza darasa la kwanza nililia njia nzima," anasema. "Yeye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kuandikishwa. Safari hii zamu yangu."