Mkanda Niliopewa Kama Kiti cha Msibani

Leo nimefaulu mtihani wa karate, na hasira hazijaniisha. Someni, halafu mniambie kama nimekosea.

Ulikuwa mtihani wa mkanda wa kahawia, ukumbini Majengo. Mwaka mzima nimepiga mateke kihambani kwangu Kilema, kwenye migomba, hadi ng'ombe wamenizoea. Mimi, bibi mwenye wajukuu!

Pambano la mwisho nikapangiwa kijana wa Njoro. Tukainamiana, tukajiweka tayari.

Akasema, "Shikamoo, mama."

Nikaitikia. Ningefanyaje?

Basi, pambano likafia hapo. Nikirusha ngumi, anarudi nyuma. Nikirusha teke, "Pole, mama." Hakunigusa hata kwa kidole!

Mwalimu akasimamisha. "Mama amefaulu. Mpigieni makofi."

Wakapiga, tena kwa nguvu! Nikavishwa mkanda kama mtu anayepishwa kiti msibani, kwa sababu ya umri tu.

Nikaufungua palepale, nikamrudishia. "Mwalimu, huyu anipige kwanza."

Akaninong'oneza, "Mama, ukiumia tutawaambia nini watoto wako?"

Nikamjibu ukumbi mzima ukisikia: "Waambieni mama yao alikuwa anapigana."